Matundu Manne na Bidoni ya Lita 20

Mdogo wangu wa mtaa wa Makomeno, barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema siku ya tisa tangu utolewe kibofu cha nyongo uliinua bidoni ya maji, kwa sababu nyumbani macho yote yalikuwa juu yako, na usiku ule tumbo likakuuma hadi ukalia. Unasema pia kwamba mama mkwe alikuomba ufunue kitenge, akaona vidonda vinne vidogo, akauliza: "Ni hivi tu?" Neno hilo likakuchoma kuliko kisu. Nakuelewa, mdogo wangu. Mimi nami nilitolewa nyongo, nami nilirudi jikoni kabla ya siku zangu kwa kuona haya ya kulala mchana huku wengine wakihangaika.

Vidonda hivyo vya nje ni milango ya kuingilia tu. Ndani, daktari alikibandua kibofu kutoka kwenye ini, akafunga mrija wake na mshipa wake wa damu, akakitoa na mawe yake, mara nyingi kwa njia ya kitovuni. Kazi ya ndani ni ileile anayofanyiwa mtu aliyefunguliwa tumbo chini ya mbavu za kulia. Wewe umeokolewa ngozi na misuli. Ndiyo maana unaweza kurudi kwenye kazi nyepesi baada ya wiki moja au mbili, na yule wa mkato mrefu akangoja wiki sita, hata nane. Lakini bidoni ya lita 20 ni kilo 20. Pale kitovuni, misuli iliyoshonwa juzi ikikazwa kwa nguvu inaweza kuachia, ukapata ngiri, kisha urudi kupasuliwa tena. Hesabu wiki nne bila bidoni, bila gunia la makala, bila kumbeba mtoto mgongoni. Na bukari! Watu husahau kwamba kusonga bukari ya watu wanane ni kazi ya tumbo zima. Mwiko ukishakuwa mzito, aushike mwingine.

Maumivu ya usiku ule, kama yanapungua kila siku, pumzika tu. Kama yanazidi, rudi kwa aliyekupasua, usingoje tarehe ya kadi.

Unaniuliza pia juu ya bega. Jirani amekwambia bega la kulia haliwezi kuuma kwa sababu ya tumbo, basi kuna mkono wa mtu. Hapana, mdogo wangu. Ili kamera ione vizuri, tumbo hujazwa gesi. Gesi inayobaki husumbua ule utando mpana ulio chini ya mapafu, na mshipa wa fahamu wa utando huo hupanda hadi shingoni, mahali panapotoka pia mishipa ya bega. Mwili unachanganya anwani. Kwa kawaida huisha ndani ya siku chache, na kutembea polepole husaidia. Kutembea huko kunakinga pia damu isigande miguuni, kwa hiyo usilale kutwa nzima eti unapona. Ukikohoa kwa vumbi la kiangazi, kumbatia mto tumboni kwanza.

Sasa chakula, maana hapa ndipo kila mgeni anapokuja na sheria yake. Umewahi kusafisha kuku. Unakijua kile kifuko cha kijani kilichobanana na ini, ambacho ukikipasua nyama yote inakuwa chungu. Chetu ni kama hicho. Lakini kifuko hakitengenezi nyongo, kinaitunza tu. Ini ndilo linaloitengeneza, kati ya nusu lita na lita nzima kwa siku, na linaendelea mpaka leo. Tofauti ni kwamba zamani nyongo ilingoja ghalani mpaka ule mafuta. Sasa inadondoka kidogo kidogo moja kwa moja utumboni. Ndiyo maana ile sombe uliyoniandikia, iliyojaa mafuta ya ngazi na karanga, ilikukimbiza chooni. Hujaharibika. Wiki hizi za kwanza kula kidogo mara nyingi: bukari kiasi, lenga-lenga, maharage kidogo kidogo, samaki wa kuchemsha badala ya thomson ya kukaanga. Kisha rudisha mafuta taratibu, kitu kimoja kwa siku, uone tumbo linasema nini. Wengi wetu tunarudi kula sombe yetu kama zamani. Kuhara kukipita mwezi, mwambie daktari, kuna dawa ya kushika nyongo hiyo.

Choo kikiwa kigumu, na dawa za maumivu huweza kukifunga, kunywa maji na kula mapapai. Usikubali kupigwa bomba la majani. Usikubali pia kukandwa tumbo kwa maji ya moto kama mzazi. Hilo nalisema kwa ukali kwa sababu wanaotufanyia hivyo wanatupenda, na ni vigumu kumkatalia anayekupenda.

Kwa wadogo zangu wenye SS, yaani selimundu, wanaosoma hapa: damu yenu inavunjika haraka, na mabaki yake hugeuka mawe ya nyongo hata kwa mtoto wa shule. Mwambieni daktari mapema kabla ya kisu. Baada yake kunyweni maji, jifunikeni, na homa au maumivu ya kifua yakija, nendeni saa ileile.

Na sasa, mdogo wangu, mpe mama mkwe asome kuanzia hapa.

Jambo mama. Upasuaji huu si mchezo wa vijana wa leo. Daktari Carl Langenbuch aliufanya mara ya kwanza kule Berlin mwaka 1882, na ule wa matundu ulianzishwa na Erich Mühe, huko huko Ujerumani, mwaka 1985. Binti yako ataishi vizuri bila kibofu hicho. Nakuomba macho yako, mama, kwa sababu wewe utaona kabla yake: macho kuwa ya njano, mkojo mweusi kama chai, choo cheupe, homa, kutapika kusikoisha, usaha kwenye kidonda, mguu mmoja kuvimba. Ukiona kimojawapo, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na usimpandishe pikipiki kwenye mashimo yetu kama gari linapatikana. Bidoni wabebe vijana wa nyumba mpaka wiki nne zitimie. Asubuhi mtoe uani penye mwanga, uangalie weupe wa macho yake, kisha mtembee naye mpaka kona ya barabara na kurudi, polepole, mkono wako mgongoni mwake.