Jaza Fomu ya Bima Mwenyewe
Kijitabu cha elimu kwa mama wa nyumbani

Kwa nini tumekitoa

Malalamiko yanayoletwa kwenye dawati letu na familia za mama wa nyumbani yamezidi, na mengi yana chanzo kimoja: mama alisaini fomu ya maombi ikiwa tupu, wakala akaenda kuijaza baadaye. Siku ya madai ndipo watoto wanapoambiwa kwamba marehemu mama yao alijibu hana presha, wakati kadi yake ya kliniki inaonyesha alikuwa akimeza dawa kabla ya kukata bima. Madai yanakataliwa. Wakala hapatikani tena kwa simu, na saini iliyopo kwenye karatasi ni ya mama.

Mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli. Kampuni inakubali kukukinga kwa sababu ya yale uliyoyaeleza, na ikigundua kwamba uliyoeleza si kweli, ina haki ya kupinga malipo. Kwa hiyo tunasema mapema, na tutarudia: usisaini fomu yenye nafasi tupu.

Mama asiye na mshahara akatiwe bima ya nini?

Swali hili waume wanatuuliza katika kila mkutano. Tunawajibu: chukueni kalamu mpige hesabu ya mwezi mmoja bila mama. Kuna dada wa kazi, mfuaji, bodaboda ya kumpeleka mtoto shule na kumrudisha, chakula cha kununua, na mtu wa kukaa na bibi mgonjwa. Zidisha jumla hiyo kwa 12, kisha kwa miaka iliyobaki hadi mtoto wa mwisho amalize kidato cha nne. Hapo ndipo mazungumzo ya kiwango cha bima ya maisha yaanzie. Kampuni inaweza kukubali pungufu, maana kila moja ina vigezo vyake vya umri, afya na kipato cha kaya, lakini angalau hutaingia ukiwa hujui unachokitafuta.

Ila kabla ya bima ya maisha, anza na ya afya. Bunge limeshapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, basi asiwepo wa kukwambia kwamba bima ni ya wenye ajira tu. Ikiwa mume ni mtumishi anayechangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), mwenza ni mnufaika wa mfuko huo. Hakikisha jina lako limesajiliwa, na ujue kwamba ndoa ikivunjika kinga hiyo haikufuati. Asiye na mlango huo aulize ofisi ya kata au halmashauri kuhusu mpango uliopo kwa kaya. Afya ikishatulia, ndipo ufikirie bima ya maisha. Ile yenye akiba ndani yake inavutia, lakini ukiacha kulipa mapema usitegemee kurudishiwa ulichotoa, kwa hiyo asiye na uhakika wa ada ya kila mwezi aanze na bima ya maisha ya muda maalumu, ambayo ada yake ni nafuu. Anayetaka kinga inayofuata misingi ya Kiislamu aulizie takaful. Bima ya nyumba na vyombo ni nzuri pia, uwezo ukiruhusu.

Fomu yenyewe

Hapa ndipo tunapoomba usome polepole.

Penye “kazi”, mawakala wengine huandika “mjasiriamali” na kukuwekea kipato usichokuwa nacho, ili kiwango cha bima kiwe kikubwa na kamisheni yao inenepe. Kataa. Andika “mama wa nyumbani”. Kama unakaanga maandazi asubuhi ukauza, yaandike nayo, kwa kipato chake halisi.

Penye afya utaulizwa kuhusu presha, kisukari, upasuaji, kulazwa hospitalini na dawa unazotumia. Jibu ukweli, hata wakala akikunong’oneza kwamba “ukiandika hivyo hutapata”. Kampuni inaweza kutaka upimwe, ikakuongezea ada, ikatoa kinga yenye masharti, au ikakukataa kabisa. Kukataliwa leo ukiwa hai kunauma, lakini utahangaika penginepo. Wanao wakikataliwa ukiwa umeshazikwa, hawana penginepo pa kwenda.

Penye majina, “Mama Neema” halikubaliki, hata kama mtaa mzima haukujui kwa jina jingine. Andika majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, na ya wanufaika kama yalivyo kwenye vyeti vyao vya kuzaliwa. Mnufaika akiwa chini ya miaka 18, taja mtu mzima unayemwamini atakayepokea kwa niaba yake.

Mama asiyejua kusoma achague msomaji wake mwenyewe, si wakala. Binti wa sekondari anatosha. Ukimaliza, piga picha kila ukurasa kwa simu na udai nakala. Ada ilipwe moja kwa moja kwa kampuni, kwa akaunti au namba ya malipo iliyoandikwa kwenye nyaraka zake, kamwe si kwenye simu binafsi ya wakala. Mawakala husajiliwa na TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima iliyopo kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Omba kuona leseni, na asiyekuwa nayo mwonyeshe mlango.

Ofisi hii inajivunia kina mama waliopita kwenye semina zetu ambao sasa humjibu wakala, “Niachie fomu, nitajaza mwenyewe.” Tunataka kila mama aseme hivyo. Tunarudia: usisaini fomu yenye nafasi tupu.

Kama umeshasaini

Usingoje ugonjwa. Nenda ofisi ya kampuni, si kwa wakala, uombe nakala ya fomu yako. Ukikuta majibu yasiyo yako, andika barua ya kuyasahihisha na uitaje namba ya hati yako ya bima. Kampuni ikikaa kimya au ikikataa kukusikiliza, peleka lalamiko lako TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, pamoja na barua hiyo na risiti zako zote. Na siku unapoipeleka barua kwenye kampuni, usitoke ofisini kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa.