Anza na neno linalomgusa mtoto

Mtoto wako wa darasa la kwanza akikwama kwenye ba, be, bi, bo, bu, usimkaripie. Muulize neno gani analipenda, au lipi linamtisha, mwanzie hapo.

Mwaka 2009 Kousta na wenzake wa Chuo Kikuu cha London waliwapa watu wazima kazi ya kuamua haraka kama herufi walizoonyeshwa ni neno la kweli au la kubuni. Maneno yenye hisia, ya raha kwa ya karaha, yalitambuliwa upesi kuliko yasiyogusa moyo. Tofauti ni sehemu ndogo mno ya sekunde, wala si muujiza. Neno tunalokutana nalo kila siku lina nguvu zaidi, ndiyo maana kurudia hakukwepeki.

Mwalimu Sylvia Ashton-Warner aliyefundisha watoto wa Kimaori kule New Zealand, na kuchapisha habari za kazi hiyo mwaka 1963, alimwachia kila mtoto achague neno lake. Yaliyoshikwa haraka yalikuwa maneno kama busu na mzimu.

Nyumbani, kata boksi kuukuu vipande vya ukubwa wa kiganja. Kwa mtoto wa Soga au Ruvu, wilayani Kibaha, neno huenda likawa treni, maana treni ya umeme inapita huko tangu 2024. Wa Kisarawe atasema korosho, nyoka, au jina la mdogo wake. Liandike kwenye kipande kwa wino mzito, alisome, alale nalo. Kesho yake vichanganye vipande. Neno asilolitambua liweke kando, usimwulize kwa nini. Epuka maneno marefu: ninawapenda ni tamu, ila viambishi vyake vitamchosha.

Kisha livunje neno lake. Korosho inatoa ko, ro, sho; ko inazaa kokoto, ro inazaa roho, sho inazaa shoka. Silabi zile zile za darasani, safari hii zina mwenyewe.

Neno la hofu lina upande wa pili: huvuta macho, kisha likang'ang'ania akili iliyotakiwa kufanya kazi nyingine. Kisarawe ilipopambana na sifuri za mtihani wa kidato cha nne kwa kampeni ya Tokomeza Zero, neno zero liliwafaa watu wazima waliochangisha fedha. Juu ya meza ya mtoto anayejisomea halina kazi.

Bibi anayeweka dole gumba badala ya saini naye aanze hivi hivi, kwa majina ya wajukuu.