Mteguko wa Kifundo cha Mguu: Mikono Itibu Lini?

Katika mpira wa miguu na mpira wa pete, kifundo cha mguu ni miongoni mwa viungo vinavyoteguka mara nyingi. Desturi ya viwanja vingi ni kumketisha majeruhi na kumchua kwa nguvu papo hapo. Makala haya yaeleza kwa nini mikono iwezayo kuponya huweza pia kudhuru, ikitumiwa kabla ya wakati wake.

Wayo unapopinduka kwa ndani, kano za upande wa nje, zinazofunga mfupa kwa mfupa, huvutika kupita kiasi au hukatika. Vishipa vidogo vya damu hupasuka, na kifundo huvimba. Kuchua kwa nguvu katika siku mbili tatu za mwanzo huweza kuzidisha uvujaji wa damu na kutonesha jeraha. Yafaa kiungo kipumzishwe, kifungwe bendeji na kuinuliwa.

Kisha ihakikishwe kwamba mfupa haukuvunjika. Kwa kanuni zilizotangazwa mwaka 1992 na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwenye maumivu ya kifundo apigwe picha ya eksirei ikiwa hawezi kwenda hatua nne, hata kwa kuchechemea, au ikiwa anaumia anapobonyezwa ncha au ukingo wa nyuma wa mfupa uliotokeza, wa ndani au wa nje.

Uvimbe ukipungua, tiba ya mikono hupata nafasi yake. Chini ya muundi pana mfupa uitwao talasi, ambao huteleza nyuma mtu anapochuchumaa. Baada ya mteguko mwendo huo hupungua. Mtaalamu huusukuma mfupa huo nyuma taratibu, mara nyingi, bila kuushtua. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba waliotibiwa hivyo, pamoja na huduma ya kawaida, walihitaji matibabu machache zaidi ili wakunje kifundo bila maumivu.

Hata hivyo, mikono peke yake haitoshi. Mwaka 1965 M. A. R. Freeman wa Uingereza alieleza kwamba mteguko hudhoofisha pia fahamu za kiungo kuhusu mkao wake. Ndiyo sababu wengi huteguka tena. Tiba yake ni mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja.

Zoezi: Elekea ukuta, gusisha goti ukutani bila kuinua kisigino, huku ukirudisha wayo nyuma kadiri uwezavyo. Pima kwa rula umbali kutoka kidole gumba hadi ukutani. Linganisha miguu yote miwili, kisha eleza tofauti utakayoiona.