Kutoka Buger Hadi Boma la Wajerumani Arusha

Sisi wa Buger, Karatu, tu majirani wa Olduvai na Laetoli, lakini wengi wetu habari za mifupa na nyayo za huko tunazisikia kwa waongoza watalii. Makumbusho ya Elimu Viumbe, katikati ya Jiji la Arusha, yanazieleza, tena ndani ya boma la Wajerumani, jengo ambalo lenyewe ni historia.

1. Beba kitambulisho cha NIDA. Kiingilio cha Mtanzania ni nafuu kuliko cha mgeni, na unaweza kuulizwa uthibitisho. Mwalimu mwenye wanafunzi atangulize barua.

2. Ondoka Buger alfajiri. Masika usijipimie muda, tope halina ratiba. Ukishafika Karatu mjini ni lami hadi Arusha, kupitia Mto wa Mbu na Makuyuni.

3. Ukishuka stendi, ulizia Mnara wa Saa. Hapo ifuate Barabara ya Boma kwa miguu mpaka ukutane na kuta nyeupe za ngome. Jengo la mikutano la AICC liko jirani.

4. Usikimbilie vyumbani, zunguka nje kwanza. Ngome hii ilijengwa mwaka 1900, na Waarusha na Wameru ndio walioshurutishwa kuijenga. Baadaye ikawa ofisi za serikali ya kikoloni, na mwaka 1987 ikafanywa makumbusho. Mtoto akiuliza kwa nini kuta ni nene hivyo, usimfiche: Wajerumani waliokaa humu waliwaogopa wenyeji waliokuwa chini yao.

5. Muda wako mwingi uutumie kwenye sehemu ya chimbuko la mwanadamu. Nyayo za Laetoli, zilizofukuliwa na kikosi cha mtafiti Mary Leakey kuanzia 1978, zina miaka kama milioni 3.6. Miaka ya 1990 zilifukiwa tena zisiharibike, kwa hiyo hata anayeishi Endulen, jirani na Laetoli, hazioni. Fuvu la zamadamu Zinjanthropus, ambalo Mary huyohuyo aliligundua Olduvai tarehe 17 Julai 1959, limehifadhiwa Dar es Salaam. Kwa kila unachokiona muulize mhudumu: hiki ni halisi au ni nakala? Kwa maoni yangu, hilo ndilo swali la kwanza la sayansi.

6. Sehemu ya wadudu haichukui muda, labda uwe na mtoto.

7. Rudi stendi mapema mchana. Ukifika Karatu giza limeingia, lala mjini, Buger uende asubuhi.