SOMO LETU: PAPA GREGORI MKUU NA DAFTARI LA MASKINI

Soma kwanza: Mathayo 25:31-40



Leo tunajifunza habari za mchungaji aliyeliongoza Kanisa wakati wa vita, njaa na tauni. Ni Papa Gregori wa Kwanza, anayeitwa Gregori Mkuu.

1. Maisha yake

Gregori alizaliwa Roma karibu mwaka 540, katika ukoo wa matajiri. Akiwa bado kijana alipewa cheo cha mkuu wa mji. Baadaye alikiacha cheo hicho, akaigeuza nyumba ya baba yake kuwa monasteri, naye akawa mmonaki. Mwaka 590 tauni ilimwua Papa Pelagio wa Pili, na watu wakamchagua Gregori. Yeye alitamani kubaki katika utulivu wa sala, lakini aliupokea mzigo. Alijiita mtumishi wa watumishi wa Mungu. Aliugua tumbo na viungo kwa miaka mingi, akafariki tarehe 12 Machi 604.

2. Mji uliojaa wakimbizi

Walombardi waliingia Italia mwaka 568. Watu waliacha mashamba na nyumba, wakakimbilia Roma. Hata wamonaki wa Monte Cassino walifika hapo baada ya monasteri yao kubomolewa.

Kanisa lilikuwa na mashamba makubwa, hasa Sisilia. Ngano ilitoka huko kwa meli kuja kulisha Roma. Lakini Gregori hakutaka maskini wa Roma washibe kwa jasho la maskini wa Sisilia. Aliwaandikia wasimamizi wake wasiwaibie wakulima kwa vipimo vya uongo.

Mwaka 597 Theoctista, dada yake Kaisari, alimtumia dhahabu. Gregori alimwandikia jinsi alivyoigawa: nusu kuwakomboa mateka wa mji wa Crotone, nusu kuwanunulia masista matandiko, kwa maana walikuwa wanateseka kwa baridi usiku. Masista hao walikuwa 3,000.

3. Daftari

Yohane Shemasi, aliyeandika maisha yake katika karne ya 9, anasimulia kwamba Gregori alikuwa na daftari kubwa lenye majina ya maskini na kiasi alichopewa kila mmoja. Wagonjwa walipelekewa chakula kilichopikwa hadi mitaani kwao. Anasimulia pia kwamba siku moja maskini mmoja alikutwa amekufa. Gregori alihuzunika sana, akaacha kuadhimisha Misa kwa siku kadhaa, kana kwamba yeye ndiye aliyemwua.

4. Sisi tunajifunza nini?

Ndugu, sisi tunajua kuandikwa. Tunajua kupanga foleni tangu alfajiri, na uchungu wa kuambiwa kwamba jina lako halionekani. Pengine tumefika mahali pa kuona orodha kama aibu. Kwa Gregori orodha ilikuwa upendo: iliandikwa ili mtu yeyote asipotee. Daftari la namna hiyo hata sisi tunaweza kuwa nalo moyoni. Hatuna ngano ya Sisilia, lakini tunajua nani hakuonekana siku ya posho, mama yupi amejifungua, mzee yupi hana wa kumchotea maji.

Tena, Gregori hakungoja amani ndipo atume. Mwaka 596, Walombardi wakiwa bado tishio, alimtuma Augustino na wenzake kwenda Uingereza kuhubiri, wakafika Kent mwaka 597. Aliyepungukiwa naye ana cha kutoa.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Nani katika mtaa wetu hajaonekana wiki hii? Nani atakwenda kumwona?
2. Je, katika kugawa vitu vyetu tunatumia kipimo cha haki?
3. Familia yetu inaweza kutoa nini, hata kama ni kidogo?

Tuombe: Ee Bwana, unayetujua kila mmoja kwa jina, utufundishe kujuana. Amina.