Ukiitwa shuleni kuhusu mtoto wako, usiende mikono mitupu

Mama mmoja alinijia na mwanawe wa miaka 8, uso umemjaa majonzi. Alikuwa ameitwa na mwalimu mkuu wajadiliane kama mtoto ahamishiwe shule maalum kwa kuwa "hafundishiki". Nilipochunguza masikio ya mtoto, nilikuta majimaji nyuma ya viwambo vyote viwili. Mtoto alikuwa hasikii vyema, na hakuna aliyewahi kumpima.

Mzazi, mwito kama huo si kesi. Ni kikao cha kupanga jinsi mtoto wako atakavyosaidiwa, nawe unamjua kuliko wote watakaokuwapo. Jitayarishe hivi:

Kwanza, mpeleke hospitalini apimwe macho na masikio. Mweleze daktari iwapo mtoto hushika kitabu karibu na uso, huongeza sauti ya runinga, au hukodoa macho nukta chache bila kuitika. Hali hii ya mwisho yaweza kuwa aina ya kifafa kisichoangusha mtu, nacho kina dawa. Omba ripoti iliyoandikwa.

Pili, kwa muda wa wiki mbili andika daftarini anachokiweza na kinachomshinda. Usiseme tu "ni mzito". Sema: "Anahesabu hadi 50, lakini hawezi kunakili sentensi kutoka ubaoni." Beba pia madaftari yake ya shule na kijitabu cha kliniki.

Tatu, uliza kama amefanyiwa tathmini katika kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, maarufu kama EARC. Vituo hivi vilianzishwa nchini mwaka wa 1984. Huko ndiko hupendekezwa kama mtoto abaki katika shule ya kawaida, aingie kitengo maalum, au aende shule maalum. Mwalimu peke yake asikate shauri hilo kwa kumtazama tu.

Mkutanoni, nenda na mwenzako au jamaa mmoja, kwani masikio manne husikia zaidi ya mawili. Usiondoke kabla hujajua mambo haya: Mtoto atasaidiwa vipi? Na nani? Tutakutana lini tena kuona kama amepiga hatua? Majibu yaandikwe, nawe upewe nakala. Kama atahitaji muda wa ziada au maandishi makubwa katika mtihani wa kitaifa, shule iombe mapema.

Usione haya kuuliza. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, na cha 54 kinawalinda wenye ulemavu.

Yule mvulana alitibiwa, akaketishwa dawati la mbele, na yumo katika shule ile ile. Laiti angalipimwa miaka miwili mapema! Wako je, ameshapimwa?