Kicheko Katika Filamu ya Supa Modo

Sisi wa Kidato cha Nne tumejifunza kinaya katika tamthilia: mtazamaji ajua jambo, mhusika halijui. Yafaa tuone kinaya kinavyofanya kazi katika filamu ya watoto. Mfano mwema ni Supa Modo ya Kenya, iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 2018 katika tamasha la filamu la Berlin, na waamuzi watoto wa huko wakaitaja kwa sifa.

Jo ni msichana wa miaka 9, mpenzi wa filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Ana ugonjwa usioponyeka, na mama yake amemtoa hospitali ili siku zake za mwisho ziwe za nyumbani. Mama ataka apumzike kitandani. Dada yake, Mwix, aona kuwa kulala tu si kuishi; basi amwaminisha kwamba nguvu za shujaa anazo kweli, na kijiji kizima chaingia katika shauri hilo.

Tazama mchezo wa mpira. Wachezaji wote wasimama tuli kama sanamu, naye Jo apita katikati yao akafunge goli. Twacheka, kwa kuwa siri twaijua. Lakini waangalie hao waliosimama. Hakuna mtoto apendaye kufungwa, hata hapa Kasulu, hata kama mpira ni wa majani makavu ya mgomba. Hawa wafungwa kwa hiari, na wamefurahi kuliko mfungaji.

Wako wenzangu watakaosema huko ni kumdanganya mgonjwa. Hoja hiyo si ndogo: mtoto aliyeaminishwa kuwa aweza kuruka atafanya nini akipanda juu ya paa? Lakini katika kombolela wakubwa humwacha mdogo ajifiche nyuma ya mgomba mwembamba, wakajifanya hawamwoni, ilhali miguu yote iko nje. Naye mdogo, mara nyingi, ajua.

Baadaye kijiji chatengeneza filamu yao wenyewe, Jo akiwa shujaa. Mimi naona hapo ndipo penye ufundi, maana katika kuigiza kila mtu ajua kuwa anaigiza, na Jo pia. Siri haina kazi tena.

Kiswahili chake kimechanganyika na Kikuyu na Kiingereza. Wasomaji wa Kibondo wasiogope. Wale waliosimama uwanjani hawasemi neno.